Mkanda wa tumbo wa Kariakoo: wiki sita nikiuvaa kwenye mimba ya pili

Mimba ya kwanza, mwaka 2021, nilisuka rasta nimesimama hadi wiki ya 38 na mgongo haukunisumbua. Tumbo lilichelewa kuonekana, wateja wengine wakadhani nimenenepa tu. Hii ya pili, wiki ya 14 dera limeshainuka mbele na majirani zangu Kimara wanauliza kama ni mapacha. Kufika wiki ya 26 nyonga zilikuwa zinauma kiasi kwamba kutoka kitandani lazima nigeuke ubavu, nikae kwanza, ndipo niinuke.

Nesi wa kliniki alinifafanulia vizuri. Misuli ya tumbo ilishavutwa na mtoto wa kwanza, haikazi tena kama mwanzo, kwa hiyo wa pili anajitokeza mapema. Viungo vya nyonga navyo hulegea mama akiwa mjamzito. Halafu kuna jambo ambalo nesi hakuhitaji kunieleza: mimba ya kwanza nikichoka nilikuwa nalala. Sasa nina kifungua mimba wa miaka minne ambaye tukitoka sokoni anataka mgongo.

Nilianza na kanga. Mama mdogo alinionyesha namna ya kuikunja, kuipitisha chini ya tumbo na kuifunga nyuma. Nyumbani inafaa kabisa, na haina gharama. Kazini ikawa inateleza kila nikiinama kuosha kichwa cha mteja.

Ndipo nikaenda Kariakoo, duka la vitu vya watoto. Kijana akaniambia, "Mama kijacho, huu elfu thelathini na tano." Tukamalizana 22,000. Ni kitambaa kinene kinachopanuka mgongoni, chenye vijiti vya plastiki ndani, kipande kinachopita chini ya tumbo, na mikanda miwili ya pembeni ya kuvutia na kunatisha.

Kwa kazi yangu umenisaidia, nasema kweli. Kabla yake, mteja wa rasta ndogo za saa sita alinifanya nikae kila baada ya nusu saa, na siku moja nililia mbele yake. Sasa naweza kusimama saa nzima. Maumivu hayajaisha, ila ule mvuto wa chini, kama tumbo linataka kudondoka, umepungua sana. Jioni nikisimama ndani ya mwendokasi kutoka Magomeni nauhisi unanishika gari linapofunga breki.

Tatizo kubwa ni joto. Kitambaa kina sponji ndani, na kwa joto la Dar wiki ya kwanza nilitoka vipele chini ya tumbo. Nikaanza kuvaa fulana nyepesi ya pamba kwanza, vikaisha. Ile sehemu ya kunata imeshanichuna dera mbili, na upande wa kushoto umeanza kuachia.

Nesi aliniambia niuvae saa chache, niuvue nikikaa kupumzika, nisilale nao, na nisiukaze hadi pumzi ikabana. Mtoto mwenyewe ananikumbusha. Huyu nilimsikia akicheza wiki ya 17. Yule wa kwanza hadi wiki ya 21, kwa sababu mwanzoni nilidhani ni gesi. Akipiga mahali mkanda unapopita, naulegeza.

Na mama wenzangu, mkanda hautibu kila kitu. Mimba hii tumbo linakaza mara kwa mara, jambo ambalo mara ya kwanza nililiona mwishoni tu. Likikaza kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, au ukiona damu au maji, nenda hospitali hapo hapo. Uchungu wa pili mara nyingi huenda haraka kuliko wa kwanza. Mimi begi langu liko tayari mlangoni.

Anayefanya kazi ya kukaa ofisini, ningemshauri aanze na kanga. Anayesimama kama mimi, 22,000 ni bei ya haki. Ila ujaribu dukani, uiname, ukae. Mimi nilipewa L, nikaomba stuli, nilipokaa ikanichoma mbavuni, nikabadilisha XL. Sasa nina wiki 32, nimeshasogeza ile sehemu ya kunata vidole vinne, na nafasi bado ipo.