Mabepari wa Venisi: kesi tamu, huruma ya mdomoni

Nimemaliza Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Nyerere ya 1969 ya tamthilia ya Shakespeare. Nyota nne. Lugha safi, ina mahadhi ya kishairi na bado husomi kwa shida, ila mimi kilichonishika ni kesi.

Kwa asiyeijua: Antonio anakopa dukati 3,000 (sarafu za dhahabu) kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, ili amsaidie rafiki yake Bassanio, miezi mitatu, akishindwa anakatwa ratili moja ya nyama mwilini. Meli zinasemekana zimezama, wanaishia kortini, na hilo tendo la nne ndo utamu wote. Shylock ananoa kisu kwenye soli ya kiatu watu wanamwangalia, mizani kaja nayo, akiambiwa aite tabibu wa kuziba damu anauliza kwani hiyo imeandikwa kwenye mkataba? Bassanio anampa mara mbili ya deni, hataki. Na kumchukia huwezi moja kwa moja, maana huyo huyo Antonio alikuwa anamtemea mate na kumwita mbwa halafu anaenda kumkopa, na kuna pale Shylock anawauliza mbona nyie mna watumwa mliowanunua na hamuwaachii, sasa mimi nyama niliyoilipia kosa liko wapi? Hakuna anayemjibu!

Anaingia Portia kavaa kiume, anajifanya mwanasheria, anahubiri huruma mpaka mwili unasisimka. Halafu anamwambia Shylock chukua nyama ila damu isitoke hata tone. Hapo nilipiga makofi kabisa, sheria kaitaka mwenyewe neno kwa neno na kaipata. Lakini haikuishia hapo. Shylock akaomba basi apewe hela aliyokopesha tu, wapi, ikaletwa sheria nyingine, mgeni akitaka kumuua raia mali yake nusu kwa mlengwa nusu serikalini, kisha analazimishwa abadili dini na eti hiyo ndo huruma. Jamani! Na huyo Portia ni mke wa Bassanio, yaani anaamua kesi ya deni lililochukuliwa kwa ajili ya mumewe na hakuna anayejua.

Nyota niliyokata ni ya tendo la tano, Belmont huko, kwa kina Portia, watu wanataniana habari za pete kurasa nzima wakati Shylock kaondoka akisema anaumwa na hatokei tena. Wanaosomea sheria wakinunue, wengine mkifika tendo la tano rukeni tu.