Bunduki nyepesi ya bolti kwa milima ya Colorado: ningeanza na ipi

Elki wa jimbo la Colorado, Marekani, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye mwili mkubwa karibu kama wa farasi, mwezi wa Oktoba hukaa juu, mara nyingi kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi, na mahali pengi gari halifiki. Siku ya pili ya kupanda ndipo bega linapoanza kuhesabu kila ulichobeba. Ndiyo maana ndugu zetu waliohamia huku na kuanza kuwinda huniuliza kwanza habari za uzito.

Uzito unaoandikwa dukani ni wa bunduki tupu. Weka darubini na vishikio vyake, mkanda na risasi, utaongeza robo tatu ya kilo, pengine kilo nzima. Kisha kumbuka kwamba wepesi unalipiwa begani: risasi ileile, ikipigwa kwa bunduki ya kilo 2.4, humrudishia mpigaji nguvu mara moja na nusu ya ile ya bunduki ya kilo 3.6. Mimi nilinunua nyepesi mno yenye risasi kali, nikawa nafumba macho kabla ya kuvuta kifyatuo. Kulungu niliyemjeruhi msimu ule sikumpata, na hadi leo naumia nikimkumbuka. Kwa hiyo orodha yangu haianzi na iliyo nyepesi kuliko zote.

Ya kwanza ni Tikka T3x Lite, inayotengenezwa na Sako huko Riihimäki, Ufini. Ina kilo 3 hivi. Bolti yake, kile chuma unachokivuta kwa mkono kuingiza risasi na kuifunga, inateleza bila kukwama, mkono wake unauinua nyuzi 70 tu, na kifyatuo chake ni chepesi na safi tangu kiwandani, hakihitaji fundi. Ubaya wake ni kwamba mwili, yaani chuma kinachobeba bolti, ni wa urefu mmoja kwa risasi fupi na ndefu, na magazini (kasha la risasi) ya kawaida inabeba risasi 3 tu. Kwa elki mmoja, 3 zinatosha. Nimeona wageni wakiipiga vizuri siku ya kwanza, na hilo ndilo lililoiweka hapa juu.

Ya pili ni Ruger American. Kitako cha plastiki hakina uzuri wowote na bolti inakwaruza ikiwa mpya, lakini ni rahisi kwa bei kuliko zote ninazozitaja, uzito wake unakaribiana na wa Tikka, na inalenga vizuri. Kama fedha ni kidogo, chukua hii, na zinazobaki zinunue darubini nzuri na maboksi ya risasi za mazoezi.

Browning X-Bolt naipa nafasi ya tatu. Bolti inainuka nyuzi 60, kwa hiyo vidole havigongi darubini hata ukiwa na glavu. Kinachonivutia zaidi ni kitufe kidogo kwenye shina la mkono wa bolti: unaweza kutoa risasi kwenye chemba, yaani pale inapokaa tayari kupigwa, huku kifunga-usalama kikiwa bado kimefungwa. Ukirudi kambini gizani na watu wamekuzunguka, utakishukuru.

Kimber Mountain Ascent ni ya nne ingawa ndiyo nyepesi kupita zote hizi, kilo 2.2 hivi. Mwili wa toleo lake fupi umejengwa kufuata risasi fupi za jamii ya .308 (jina la risasi maarufu ya uwindaji), na bolti ina kucha inayoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, kama bunduki za zamani za Kijerumani za Mauser. Ni kazi ya fundi hodari. Ila haimvumilii mpigaji anayetetemeka baada ya kupanda mlima, nayo ni ghali. Inamfaa mtu aliyekwisha kupiga sana.

Winchester 70 Featherweight, iliyoanza mwaka 1952, ni nzuri kuitazama na imara, lakini kwa kilo zake 3 na zaidi na kitako cha mbao kinachohitaji kukingwa na unyevu, ninaiacha mwisho.

Kuhusu risasi, katika bunduki nyepesi chagua 7mm-08 au 6.5 Creedmoor. Zote mbili zinamtosha elki ukikaribia na kupiga moyo na mapafu. Zile za magnamu, zenye baruti nyingi na teke kali, ziachie bunduki nzito.

Upande wa sheria: mwenye kadi ya kijani anaweza kununua baada ya rekodi zake kukaguliwa dukani. Mwenye viza ya muda, akiwemo mwanafunzi, kwa kawaida hawezi, isipokuwa akitimiza masharti maalumu kama kuwa na leseni ya uwindaji. Asinunue wala kuazima kabla ya kuuliza. Colorado pia inadai kozi ya usalama kwa kila aliyezaliwa tangu mwaka 1949, na nguo ya rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, pamoja na kofia.

Ukitumia mkono wa kushoto, Tikka inapatikana yenye bolti upande wako. Iagize hiyo mapema, kabla msimu haujafunguliwa, upate muda wa kupiga ukiwa umepiga magoti, si mezani tu.