Kruzi kontroli au mguu: kipi kinaokoa mafuta ukivuta tela?

Kwenye tambarare kruzi, yaani kifaa kinachoshikilia mwendo ulioweka bila mguu, inashinda. Mguu huchoka: unajikuta umetoka 80 hadi 95, unaachia, unakanyaga tena, na kila kukanyaga ni mafuta. Ila mwendo una uzito kuliko kifaa. Kushuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80 hupunguza ukinzani wa upepo kwa zaidi ya theluthi moja, na tela lenye turubai refu hukamata upepo kweli kweli. Ukiseti kruzi 110, usitegemee nafuu.

Milimani, mguu. Kruzi ya kawaida haioni mlima. Mwendo ukipungua tu inafungulia mafuta, gia inaanguka toka ya tano hadi ya tatu, injini inanguruma. Dereva mzoefu hukusanya mwendo mapema, kisha huliacha gari lipungue hadi 65 bila kulilazimisha. Kwa mlima mkali kama Kitonga kule Iringa zima kruzi, na kwa otomatiki bonyeza O/D OFF, kitufe cha kuzuia gia ya juu kabisa, gia isirukeruke na kuchemsha oili ya giaboksi. Kwenye mteremko kruzi nyingi hazishiki breki na tela linasukuma, kwa hiyo shuka na gia nzito, yaani ya chini. Injini ya injeksheni hapo hukata mafuta yenyewe; nyutro haiokoi kitu, inaua breki ya injini tu.

Mvua ikinyesha, zima kruzi.

Mwenye tela jepesi na barabara ndefu iliyonyooka atumie kruzi. Mwenye mzigo mzito, matuta na vijiji vyenye kikomo cha 50 atabaki na mguu wake.