Uzoefu wangu: niliacha chaki nikasomee ufundi friji, sasa ngoja niwaambie kuhusu ile pampu

Nilishaamua kunyamaza kuhusu hili jambo. Ila juzi kuna dada kanisimamisha pale Buzuruga stendi, anauliza chuo ulichosomea ufundi friji kikoje maana mdogo wake anataka kwenda, nikaanza kumjibu vizuri tu, katikati ya jibu nikajikuta nimepandisha sauti mpaka makondakta wanageuka. Kwaiyo naandika yote nitue huu mzigo. Jina la chuo sitaji. Ni cha binafsi, kiko hapa hapa Mwanza, inatosha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, shule ya binafsi, miaka tisa, zaidi darasa la tatu. Kwanini niliacha sina haja ya kueleza sana, mshahara wa mwezi huu unaupata mwezi ule, na ule mwezi ukifika unaambiwa wazazi hawajalipa ada. Nilikuwa natembea jioni napita Kirumba naona kila kibanda cha samaki kina friza, kila duka la soda lina friji, na kila siku kuna moja imekufa na mwenye nayo anapiga simu fundi haji. Nikasema hapa kuna kazi mpaka nazeeka. Nikauza pikipiki, nikaongezea na akiba, nikaenda kujiandikisha nikiwa na miaka 37 kati ya vijana waliomaliza fomu foo juzi.

Nianze na mazuri maana yapo na sitaki kudhulumu mtu. Mwalimu wa kulehemu. Huyo baba Mungu ampe maisha. Anakuja na vipande vya bomba la shaba, anakuwashia moto, anakwambia pasha bomba usipashe fimbo ya kulehemu, bomba likishaiva litaivuta fimbo lenyewe, ukiona unaisukuma ujue bado. Ukimaliza hakupi maksi kwa kuangalia juu. Anachukua msumeno anaipasua ile jointi mbele yako, anakuonyesha ndani, hapa fimbo imeingia, hapa haijaingia, hapa patavuja baada ya mwezi. Kila mtu alipasuliwa jointi zake, mimi nilipasuliwa nyingi sana, na leo jointi yangu haivuji. Nimefundisha miaka tisa na nawaambia mtu anayejua kufundisha unamjua ndani ya dakika tano.

Sasa tuje kwenye pampu.

Kwa wasiojua, friji inazunguka na gesi ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa. Ukifungua ule mfumo kubadilisha kompresa au kuziba panapovuja, hewa inaingia, na hewa ina unyevu, hasa huku kwetu kando ya ziwa kipindi cha mvua. Kabla hujarudisha gesi lazima uifyonze ile hewa yote na ule unyevu wote utoke, na kifaa cha kufyonza ni pampu ya vakyumu. Presha ikishuka sana maji yanachemka bila moto, yanageuka mvuke, pampu inautoa nje. Hiyo ni nusu ya kazi ya fundi friji.

Chuo chetu kilikuwa nayo pampu. Mpya. Iko kwenye boksi lake, juu ya shelfu ya stoo, tunaiona kila siku tukienda kuchukua spana. Muda wote niliokaa pale haijashuka. Somo la vakyumu tulichorewa ubaoni, pampu ni boksi lenye mshale, geji ni duara mbili, nakili chora weka rangi. Darasa la tatu nilikuwa nawachoresha watoto mfumo wa chakula hivyo hivyo, ila mtoto wa darasa la tatu hatumwi kesho kwenda kumpasua mtu tumbo!

Nilienda kuomba. Nilienda kwa heshima, nikamwamkia mtunza stoo, kijana mdogo tu kwangu, nikamwambia naomba tushushiwe ile pampu hata nusu saa, mwalimu yupo, tutaitumia pamoja naye. Hata hakuinua kichwa kwenye simu. Akasema, "Mwalimu, hapa sio darasa la tatu kila mtu anashika shika vitu. Ikiharibika utalipa wewe?" Wenzangu wakacheka. Nikamwambia tumelipa ada ya vitendo. Akasema ada ni ya chuo na pampu ni ya chuo, mwenye haraka akanunue yake. Nikaenda kwa mwalimu wa gesi mwenyewe, naye akasema hiyo pampu ni ya siku ya mtihani, msiwe na wasiwasi, siku ya mtihani itatoka.

Huyo mwalimu wa gesi ndo aliyetukaririsha Protokali ya Montreal, mwaka 1987, dunia ilikubaliana kuachana na gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, R12 ikaondoka, ikaja 134a, sasa friji nyingi mpya zinakuja na R600a ambayo inawaka moto kwaiyo hulehemu bomba ikiwa bado imo. Yote kweli na yote muhimu, sibishi. Lakini nilitoka pale naujua mwaka 1987 kuliko ninavyoijua swichi ya pampu iko upande gani.

Siku ya mtihani wa vitendo ikafika. Wageni wa kusimamia wamekuja, viti vya plastiki, maji ya chupa, sisi na ovaroli zetu zimefuliwa. Pampu ikashushwa, boksi likakatwa selotepu mbele yetu sote. Mimi nilikuwa karibu na meza. Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi cha maelekezo na kichupa cha oili kimefungwa kwenye nailoni. Nikasoma kile kikaratasi, ni tabia yangu ya ualimu, siwezi kuona karatasi nisiisome. Kimeandika wazi kabisa, pampu imesafirishwa bila oili, jaza kwanza mpaka kwenye mstari ndipo uwashe. Nikanyoosha mkono. Nikasema samahani mwalimu, hii pampu bado haijawekwa oili, oili hii hapa kwenye boksi.

Akaniangalia. Akasema, mbele ya wageni, "Wewe bwana ulikuwa unafundisha watoto kuhesabu vijiti, kaa chini uache watu wafanye kazi."

Nikakaa chini.

Mpaka leo ninapoandika hii nasikia masikio yanapata moto. Sio kwa sababu ya vijiti, kuhesabu vijiti ni kazi ya heshima na yeye mwenyewe kuna mtu alimfundisha. Ni kwa sababu nilikaa. Ile pampu ikawashwa kavu. Ikalia kama mashine ya kusaga imemeza kokoto, sindano ya geji ikashuka kidogo ikagoma, mwalimu akasema ni umeme mdogo, wakaiacha inalia hivyo hivyo, ikaanza kutoa harufu ya kuungua, halafu ikanyamaza yenyewe. Kimya. Wageni wakaandika andika. Tukaambiwa kila mtu aje aeleze hatua kwa mdomo. Tukaeleza kwa mdomo! Tumefaulu wote. Pampu ilirudishwa kwenye boksi na kile kichupa kikarudishwa pembeni yake kwenye nailoni yake, na nilipoenda kufuata cheti miezi baadaye nililiona pale pale juu ya shelfu limepigwa selotepu mpya.

Mngeniuliza siku ile ningesema sawa, kila chuo kina mapungufu. Nimejifunza kulehemu, nimejifunza umeme wa friji, relei, thamostati, kupima kompresa kwa mita, hivyo vyote vilifundishwa na vilishikwa mkononi. Ningekipa chuo maksi za wastani nikaendelea na maisha. Kilichobadilisha ni mama mmoja wa Kirumba.

Huyu mama anauza samaki, sato na sangara, ana friza moja ya kulala ndo mtaji wake wote. Mwanae nilimfundisha. Aliposikia mwalimu kawa fundi akasema simwiti mtu mwingine, mwalimu hawezi kunidanganya. Friza ilikuwa inavuja gesi, nikaitafuta panapovuja kwa povu la sabuni nikapaona, nikalehemu, jointi safi kabisa. Draya mpya, kile kichujio cha kunyonya unyevu ndani ya mfumo, nilikuwa nimeifungua toka jana yake, imekaa wazi usiku kucha na mvua inanyesha. Pampu sina. Nikafanya nilichoona mafundi wengine wanafanya, nikapitisha gesi kidogo isukume hewa itokee upande wa pili, nikafunga, nikachaji. Ikagandisha vizuri mno. Mama akanilipa na sato wawili juu.

Baada ya wiki chache akapiga simu. "Baba, samaki wangu wamelainika." Nikakimbia. Kompresa inanguruma, hakuna baridi. Nikazima, nikarudi asubuhi nikaiwasha, ikagandisha! Nikashukuru Mungu nikaondoka. Kesho yake tena imekufa. Hivyo hivyo mara tatu, na kila mara kuna samaki wa kumwaga. Kama kilo 40 zilienda. Mama hajanitukana hata siku moja, alikuwa ananiangalia tu anasema mwalimu jitahidi, na mimi bora angenitukana.

Nilienda Mabatini kwa mzee mmoja fundi, karakana yake ni turubai na benchi, nikamweleza bila kuficha. Akaja. Hakufungua kitu. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto akakishika pale kapilari, kile kibomba chembamba cha gesi, inapotokea kuingia kwenye friza, akaniambia tega sikio. Baada ya muda kidogo nikasikia ssss, gesi imeanza kupita. Akasema umesikia? Una maji humo ndani, yakifika hapa yanaganda yanaziba, ukizima yanayeyuka njia inafunguka. Ulivakyumu? Nikasema hapana. Ulifundishwa? Nikasema nilichorewa.

Hakucheka. Akakata draya, akaweka nyingine ameitoa kwenye pakiti pale pale na kuilehemu pale pale, akafunga pampu yake kuukuu inayovuja oili chini, akaiacha inafyonza karibu saa nzima huku tunakunywa chai. Mimi macho kwenye geji, nasubiri sindano ifike 30, yaani inchi za zebaki kwenye geji ya vakyumu, kama nilivyoandika kwenye daftari. Ikafika 26 ikasimama. Nikamwambia mzee haijafika. Akasema hapa ni Mwanza, mwanangu, tuko juu, ziwa lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwaiyo sindano yetu inaishia hapo 26, hiyo 30 ni ya watu wa pwani, ukiisubiri utakesha. Halafu akafunga koki, akaacha dakika kadhaa, sindano haikurudi, akasema sasa tia gesi.

Lile jambo la 26 halikuwa kwenye daftari langu. Ubao wa chuo kilichopo Mwanza umeandika 30. Ningeweza kukaa na pampu nzima mwaka mzima nikidhani mbovu.

Mama nilimlipa samaki wake kwa awamu, yule mzee nilikaa naye miezi mitatu nabeba mitungi na kuuliza maswali, na pampu nimenunua yangu ya mtumba. Friza ya Kirumba inagandisha mpaka leo, nikipita naigusa.

Kwaiyo yule dada wa Buzuruga, jibu langu ni hili. Nilitaka kusema mdogo wako asiende kabisa. Halafu namkumbuka yule baba na msumeno wake anapasua jointi moja moja, nasema aende, kwa ajili ya huyo mmoja hela haipotei. Halafu nakumbuka selotepu mpya kwenye lile boksi na nasema hapana, hapana, watu wanachukua laki za watoto wa wakulima na kifaa kipo na hawakitoi, hiyo siwezi kuitetea. Akienda kuulizia asikae ofisini kuonyeshwa fomu. Aombe aingie stoo, aangalie ni kitu gani kina mikwaruzo na mafuta na ni kitu gani kiko kwenye boksi. Na akisema kitu cha kweli akaambiwa akae chini, asikae.

Mimi kesho alfajiri niko Igombe, friza mbili zinanisubiri, na pampu nimeshaibadilishia oili.