Turubai la bwawa: mimi na hawa watu basi

Mtu akikuuzia turubai la kufunikia bwawa la kuogelea hapa Malindi, muulize swali moja tu: maji ya mvua yatatoka vipi juu yake? Akianza kukuonyesha picha za Ulaya kwenye simu, mfungulie geti aende zake.

Pasaka ikishapita wageni huniishia, nyumba inalala mpaka kama Julai hivi. Kumwaga klorini na kuendesha pampu kila siku kwa bwawa lisiloogewa ni kuchoma pesa. Nikaita watu walifunge. Wakaja na karatasi ya maelekezo ya nchi za baridi kali, wakitaka kushusha maji na kupuliza mabomba yabaki makavu, eti yasigande yakapasua bomba. Yagande wapi jamani? Huku kinachoganda ni kilichomo frijini, tena stima isipopotea! Na masika maji ya ardhini yakipanda, bwawa tupu laweza kuinuliwa likapasuka. Nikakataa. Wakanuna, wakafunga turubai, wakapokea nusu ya pesa, wakaenda.

Mvua ya Mei mnaijua. Turubai halina tundu wala kipampu cha kutoa maji. Bwawa langu ni mita kumi kwa tano, kwa hiyo mvua ya milimita 20 tu inaweka lita 1,000 pale juu, tani nzima. Likabonyea katikati, kamba za upande wa baharini zikalegea, kusi likashika pindo likawa linapiga sakafu usiku kucha, paa, paa! Majani ya mvinje na makuti ya jirani yote yakajaa humo. Siku kadhaa baadaye nikainama kutazama: viluwiluwi vya mbu, vichwa chini mikia juu, ukivitia kivuli vinajinyonganyonga kuzama.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea, shikamoo hana: "Mama, maliza salio kwanza, hao mbu wako tutawaona baadaye." Mbu wangu! Kwani mimi nawafuga?

Haya, haki yao niwape. Tulipochota maji ya juu kwa ndoo na kufunua, ya chini yalikuwa safi, vigae vya chini unavihesabu. Jua lisipoipiga klorini haiishi haraka, na kwa hilo turubai limefanya kazi yake. Kitambaa kizito, mshono imara. Nilikuwa karibu kuwasifu kabisa, nikajiambia labda fundi mwenye adabu angelikaza vizuri, akaweka boya katikati maji yapate mteremko.

Halafu nikawaza watoto wa mtaani kwetu wanaoingia uani kufuata mpira wao. Mtoto akikanyaga turubai lililojaa maji hivyo, likamwingiza katikati, nani atamwona? Karatasi yao yote ile, ya barafu na mabomba, na hilo hakuna aliyelitaja. Sifa zangu nimezirudisha mfukoni.

Turubai liko stoo, bwawa nalitia klorini mwenyewe jioni jua likishapoa, na gharama naimeza. Salio lao ninalo mimi. Kijana yule sasa anapiga kila kukicha, na shikamoo ameijua.