Mitumba ya vita kwa polisi wa mtaani: tathmini ya Programu ya 1033

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka ambalo mtu wa kawaida anaweza kuingia, wala haimtozi mteja wake bei ya bidhaa. Inaitwa Programu ya 1033, jina lililotokana na kifungu cha 1033 cha sheria ya ulinzi ya Marekani ya mwaka wa fedha 1997, na kazi yake ni kuchukua zana ambazo jeshi halizihitaji tena na kuzigawa kwa idara za polisi za miji, ofisi za masherifu wa kaunti na hata polisi wa vyuo na shule. Kwa lugha ya sokoni kwetu, ni mitumba, isipokuwa mitumba hii ni ya vita. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika mji wa wastani wa Marekani ya kati, na wengi ninaowatafsiria ni wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo. Naiangalia huduma hii kutoka upande wa mkazi ambaye inasemekana inamlinda, kwa sababu mkuu wa polisi anayepokea gari la bure tayari ana nafasi nyingi za kueleza kuridhika kwake.

Mpango wenyewe ulianza kabla ya jina hilo. Mwaka 1990, wakati serikali ya Marekani ilipokuwa imetangaza vita dhidi ya dawa za kulevya, Bunge liliruhusu jeshi kuwapa polisi vifaa vya ziada kwa ajili ya kazi hiyo. Sheria iliyofuata iliupanua mlango huo ili vyombo vyote vya kusimamia sheria vipate kuhudumiwa, huku kipaumbele kikiwekwa kwenye mapambano dhidi ya dawa za kulevya na ugaidi. Tangu wakati huo zana zilizogawiwa zina thamani inayozidi dola bilioni 7 kwa bei ya awali ya ununuzi, na idara zaidi ya 8,000 zimejiandikisha.

Utaratibu wa kuagiza ni mwepesi, na hilo ndilo jambo la kwanza la kutiliwa shaka. Ofisi inayosimamia programu iko Battle Creek, Michigan, chini ya wakala wa ugavi wa Wizara ya Ulinzi. Idara ya polisi hupitia kwa mratibu wa jimbo aliyeteuliwa na gavana, huchagua vifaa kwenye tovuti, huandika sababu ya kuvihitaji, kisha hulipa usafirishaji na matunzo tu. Vifaa vya kawaida huwa mali ya idara baada ya mwaka mmoja. Bunduki na magari ya deraya hubaki mali ya Wizara ya Ulinzi, na idara hutakiwa kuvihesabu kila mwaka. Kuna sharti moja ambalo naliona kuwa na madhara kuliko yote: kifaa kilichopokelewa kinapaswa kuanza kutumika ndani ya mwaka mmoja. Katika ghala la kawaida sharti kama hilo lingeweza kuitwa busara, kwa kuwa linazuia watu kurundika mali wasiyoihitaji. Lakini mji mdogo uliopewa gari lililoundwa kuhimili mabomu yaliyotegwa barabarani huko Iraki na Afghanistan utalitumia kwa kazi gani kabla mwaka haujaisha? Utalitafutia kazi, na kazi iliyo karibu zaidi huwa ni upekuzi wa nyumba za watu.

Siyasemi haya kwa kukisia. Mwaka 2014 shirika la kutetea haki za raia la ACLU lilichunguza mamia ya operesheni za vikosi maalumu vya polisi, vile vinavyojulikana kwa jina la SWAT, na likakuta kwamba asilimia 79 zilikuwa za kutekeleza hati za upekuzi, wakati zile za kuokoa mateka, kumkabili mtu aliyejifungia ndani au kumzuia mwenye kufyatua risasi ovyo, ambazo ndizo vikosi hivyo viliundiwa, zilikuwa asilimia 7 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezwa kuwa ni bahati mbaya.

Uhakiki wa wateja, ambao ni wajibu wa msingi wa mtu yeyote anayegawa silaha, ulipimwa mwaka 2017 na ofisi ya Bunge inayokagua matumizi ya serikali, GAO. Wachunguzi wake walibuni wakala wa kusimamia sheria wa serikali kuu usiokuwepo, wakautengenezea tovuti, wakaomba vifaa. Waliidhinishiwa bila mtu yeyote kufika kuitazama ofisi yao, na katika muda usiofika wiki moja baada ya maombi walipewa vifaa zaidi ya 100 vyenye thamani ya takriban dola milioni 1.2, zikiwemo darubini za kuonea usiku na bunduki za mazoezi. Mangi wa dukani kwetu huuliza maswali mengi zaidi kabla ya kumkopesha mtu kilo ya sukari. Wizara iliahidi kurekebisha, na taratibu ziliimarishwa, lakini kosa la namna hiyo katika huduma inayogawa zana za vita haliwezi kufutwa kwa ahadi.

Haki inanilazimu nieleze pia yaliyo mema. Kwa idadi, silaha ni takriban asilimia 5 ya vifaa vinavyotolewa, na magari ya kivita hayafiki asilimia 1. Sehemu kubwa iliyobaki ni mahema, mablanketi, jenereta, kompyuta, vifaa vya huduma ya kwanza na nguo za baridi, na kaunti maskini yenye askari wanne hupata hapo vitu ambavyo bajeti yake isingevinunua. Malori marefu ya jeshi yamewatoa watu kwenye mafuriko. Kama programu ingeishia hapo, ningeipa sifa zote na nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Watetezi wake hutaja pia matukio ya mtu mmoja kuua watu wengi kwa risasi, na mfano wa mji wa Orlando, Florida, unastahili kujibiwa kwa uzito, kwa kuwa mwaka 2016 polisi walitumia gari la deraya kubomoa ukuta wa klabu ambamo watu walikuwa wameshikwa mateka. Gari lile liliokoa maisha. Hata hivyo, lilikuwa gari lililoundwa kwa ajili ya kazi ya polisi, na mfano wake unathibitisha kwamba mji unaohitaji ulinzi wa aina hiyo unaweza kuununua kwa fedha zilizojadiliwa hadharani, badala ya kupokea kimyakimya chochote ambacho jeshi limekichoka. Vivyo hivyo, wanaopinga programu hukosea wanapoibebesha kila picha ya mji wa Ferguson, Missouri. Agosti 2014, baada ya askari polisi wa mji huo kumuua kijana Mweusi, Michael Brown, dunia iliona walenga shabaha wakiwa juu ya magari ya deraya wakiwaelekezea waandamanaji bunduki mchana kweupe. Sehemu kubwa ya zana zile haikutoka katika programu hii, bali ilinunuliwa kwa njia nyingine. Lililotoka huku, kwa maoni yangu, ni mazoea: miaka zaidi ya 20 ya kuwafundisha polisi wa mitaa kwamba vazi, chombo na mkao wa askari wa vitani ni mambo ya kawaida mbele ya raia.

Je, huduma inapunguza uhalifu? Mwaka 2017 wachumi walichapisha tafiti zilizosema ndiyo, na wakuu wa polisi wakazishika kwa mikono miwili. Mwaka 2020 watafiti wengine waliporudia hesabu hizo kwa kumbukumbu zilizo kamili zaidi, faida ile haikuonekana tena. Jonathan Mummolo wa Chuo Kikuu cha Princeton alikuwa ameshaonyesha mwaka 2018 kwamba vikosi vya mtindo wa kijeshi havikupunguza uhalifu wala kuwaongezea askari usalama, kwamba katika jimbo la Maryland vilitumwa zaidi kwenye maeneo yenye Wamarekani Weusi wengi hata baada ya kuzingatia kiwango cha uhalifu, na kwamba mtu akionyeshwa tu picha ya polisi waliovaa hivyo, hamu yake ya kuona doria zaidi mtaani kwake hupungua. Mimi hoja hiyo ya mwisho nilikuwa nimeshaijua kabla ya kuisoma, kwa sababu niliisikia jikoni kwa mama mmoja mzee.

Mama huyo alitoka upande wa Uvira, akapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nchini Tanzania kwa miaka mingi, na sasa anaishi na wajukuu wake katika nyumba za kupanga pembezoni mwa mji wetu. Asubuhi moja alinipigia simu kuniambia kwamba kioo cha gari la mwanawe kimevunjwa na mkoba wenye karatasi zote za uhamiaji umeibwa. Nilimwambia tuwapigie polisi mara moja, kwani bila ripoti yao kuzipata upya karatasi zile kungekuwa kazi ngumu. Alikataa. Nilikwenda nyumbani kwake nikifikiri tatizo ni lugha, akanipikia chai, akanieleza kwamba miezi michache nyuma polisi walikuja alfajiri kupekua nyumba ya jengo la mkabala. Walikuja na gari kubwa la rangi ya mchanga, wakashuka watu wenye kofia za vita na bunduki ndefu, nyuso zimefunikwa. Yeye aliwaamsha wajukuu, akawalaza ndani ya beseni la kuogea, akawafunika kwa godoro, kama alivyofanya na mama yao huko nyumbani. Hakuna aliyeubisha mlango wake, na hakuna aliyepita baadaye kueleza kilichotokea. “Mwanangu,” aliniambia, “wale si polisi, ni basoda. Mtu hawaiti basoda nyumbani kwake.” Basoda, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ni wanajeshi.

Nilijaribu kumweleza tofauti. Nilimwambia kwamba hapa askari wa mji huajiriwa na mji, kwamba wana namba vifuani na unaweza kuwashtaki, kwamba gari lile halina mzinga. Yote hayo yalikuwa kweli na hayakumsaidia, kwa sababu macho yake yalikuwa yamepokea ushahidi ulio wazi kuliko maneno yangu. Karatasi zile hazikuripotiwa kwa wiki tatu. Katika muda huo gari jingine la majirani lilivunjwa, kisha jingine, na kati ya familia tano za Kiswahili katika majengo yale hakuna hata moja iliyokuwa imepiga simu. Polisi wa mji, ambao nina hakika wengi wao wangependa kumkamata mwizi yule, hawakujua kwamba yupo.

Hiyo ndiyo gharama ambayo haiandikwi kwenye fomu ya kuagizia. Kura za maoni za Gallup zinaonyesha kwamba mwaka 2020 imani ya Wamarekani kwa polisi ilishuka hadi asilimia 48, ikawa 43 mwaka 2023, kisha ikapanda hadi 51 mwaka uliofuata. Kushuka huko kuna sababu nyingi, kubwa kuliko zote ikiwa ni mauaji ya raia mikononi mwa polisi, na sitadai kwamba magari ndiyo yaliyokuleta. Ila askari wa upelelezi hutegemea mtu atakayefungua mlango na kusema alichokiona, na chombo kinachowafunga watu midomo kinamnyang'anya nyenzo yake ya kazi.

Kasoro nyingine ni kwamba masharti ya huduma hubadilika kila mara. Rais Obama alipiga marufuku mwaka 2015 baadhi ya vifaa, yakiwemo magari ya minyororo, mitambo ya kurushia guruneti, na singe, yaani visu vinavyochomekwa kwenye mtutu wa bunduki; zaidi ya singe 11,000 zilikuwa zimeshagawiwa kwa polisi, na hadi leo sijasoma maelezo ya kuridhisha ya kazi ya singe katika doria ya mtaa. Rais Trump aliifuta amri hiyo mwaka 2017, Bunge likarejesha baadhi ya makatazo baadaye, Rais Biden akaongeza yake mwaka 2022, na Aprili 2025 Rais Trump akaagiza vifaa vya kijeshi viongezwe kwa polisi wa mitaa. Mkazi hawezi kujua atakachokiona barabarani kwake baada ya uchaguzi ujao.

Mahali ambapo nimeona nafuu ni pale wakazi walipopewa neno kabla ya kifaa kufika. Mwaka 2014 baraza la mji wa Davis, California, liliamuru polisi walirudishe gari la kuhimili mabomu lililokuwa na thamani ya takriban dola 689,000. Lilihamia mji jirani wa Woodland, jambo linaloonyesha ukomo wa uamuzi wa mji mmoja. Mwaka 2021 jimbo zima la California lilipitisha sheria inayowalazimu polisi kuchapisha sera na kupata idhini ya baraza katika mkutano wa wazi kabla ya kupata zana za kijeshi. Hilo ndilo sharti ninalotaka liongezwe kwenye programu kwa nchi nzima, pamoja na kufutwa kwa lile la kutumia kifaa ndani ya mwaka mmoja kwa upande wa silaha na magari ya deraya. Bila hayo mawili, siipendekezi huduma hii kwa mji wowote, ukiacha mablanketi, jenereta na vifaa vya kuokolea watu.

Msomaji anayeishi Marekani anaweza kujikagulia mwenyewe, kwa sababu wakala wa ugavi huchapisha kila robo ya mwaka orodha ya vifaa kwa jimbo na kwa idara. Nilifungua ya jimbo letu nikaitafuta idara ya mji wetu. Kulikuwa na gari lile, bunduki kadhaa, na viti vya ofisi. Nilichapa ukurasa huo, nikautafsiri kwa Kiswahili, nikampelekea mama yule, na mwezi uliofuata alikuja nami kwenye mkutano wa baraza. Alisimama kwenye kipaza sauti, nikasimama pembeni yake, akauliza gari lile lilikuja kumtafuta nani asubuhi ile. Karani aliliandika swali katika kumbukumbu za mkutano, na jibu limepangwa kutolewa katika kikao cha mwezi ujao.