TAHADHARI: "mbolea ya mwani" ya kwenye madumu hapa Dar, tumepigwa

Wakulima wenzangu mnaolima mboga huku Chanika, Kigamboni, Bunju na kule bonde la Msimbazi, naombeni msome hii kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anajitangaza insta na kwenye magrupu ya wasap, anauza dumu la lita 5 kwa elfu 35, anasema ndani kuna mwani hai, sio huu wa Zanzibar, ni ule mdogo wa maji baridi unaofanya simtanki iwe kijani ukiiacha wazi, unaitwa klorela, eti ukimwagilia unavuta naitrojeni hewani, urea unasahau, na mchicha unanenepa siku ya 3. Mimi nikachukua madumu 2, jirani yangu mama mmoja anayesomesha watoto kwa hiyo hiyo mboga akachukua 3, tena kwa hela ya kikoba. Tukalipa kwanza, mzigo ukaletwa na boda.

Nilichanganya kwa kipimo alichotupa. Siku ya 2 majani yakaanza kuungua pembeni, siku ya 4 mchicha umekunjamana na juu ya tuta udongo ukikauka unaona unga mweupe kama chumvi. Nikamimina kidogo kwenye glasi nikaiweka dirishani siku 4, rangi haikushuka hata kidogo, inang'aa vile vile kama sharubati, vidole vyangu vimebaki kijani na sabuni haitoi. Mwani wa kweli ukiutuliza unashuka chini kama tope la kijani, ukitikisa unapanda tena, na unanuka nyasi au bwawa. Hii inanuka mkojo, mimi naamini ni urea na rangi ya kupikia.

Na jamani msije mkauchukia mwani kwa ajili ya huyu mtu, maana mbolea ya mwani ipo kweli. Ila klorela haivuti naitrojeni hewani kabisa, wanaovuta ni jamii nyingine kama Anabaena na Nostoc, ndio maana wakulima wa mpunga kule Vietnam na China wametumia azola miaka mingi, lile jani dogo linaloelea majini, ndani yake anaishi Anabaena. Klorela kazi yake ni nyingine, inatoa utelezi fulani wenye sukari, bakteria wa udongo wanaula, na udongo unashikana vizuri unatunza maji. Hiyo ni kazi ya wiki na misimu, sio siku 3, kwa hiyo mtu akikuahidi siku 3 hapo hapo mkimbie. Halafu mwani unataka mwanga na hewa, sasa dumu jeusi limefungwa kwa gundi, limekaa stoo na joto hili la Dar, huo uhai unatoka wapi?

Kosa letu kubwa hatukuuliza usajili mapema. Mbolea yoyote inayouzwa nchini lazima iwe imesajiliwa TFRA, ile mamlaka ya kudhibiti mbolea, ndivyo Sheria ya Mbolea ya 2009 inavyosema. Nilipomwomba namba ya usajili akanitumia picha ya cheti cha TIN, nikamwambia hiyo ni ya kodi kaka, mimi nataka ya mbolea, akasoma, tiki mbili za bluu, akaniblock. Mama jirani alimpigia akiwa analia, akamwambia "mama umezidisha dozi" akakata simu.

Kama ulishanunua usimwage shambani, jaribu kwenye kopo moja la mche kwanza, na usitupe dumu wala lebo wala meseji za muamala, sisi tumevitunza na tumeshatoa taarifa polisi. Yule mama ameng'oa matuta 6 na anamwagilia maji matupu kusafisha udongo kabla hajapanda tena.

Jana usiku nimeiona ile ile picha ya shamba aliyokuwa anajitangazia imerudi kwenye grupu lingine, jina jipya, lebo sasa ni ya bluu, bei elfu 28.